Nani anauza siri ya ugonjwa wako?

HEBU fungua simu yako, msomaji, utazame jumbe ulizopokea wiki hii kutoka kwa watu usiowajua. Kuna wa kamari, kuna wa mkopo wa haraka, kuna wa ploti ya bei nafuu. Huenda pia kuna wa dawa ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya kupunguza unene. Wengi wetu huzifuta na kuendelea na shughuli zetu. Lakini je, umewahi kujiuliza aliyekuandikia aliipata wapi namba yako? Na ikiwa ujumbe wenyewe unahusu maradhi ambayo kweli unaugua, alijuaje?

Pengine ni sadfa tu. Anayewatumia watu elfu kumi ujumbe wa dawa ya kisukari hawezi kukosa kumpata mwenye kisukari. Hata hivyo, sadfa haielezi kila kitu. Siku hizi taarifa za mtu, yaani jina lake, namba yake, umri wake, anapoishi, anachonunua na anachougua, zimekuwa bidhaa kama mahindi au sukari. Zina mahali zinapovunwa, zina wanunuzi, na katikati yupo dalali. Ni huyo dalali tunayemtazama leo, kwa sababu ndiye asiyejulikana sana na ndiye ambaye sheria zetu hazijamfikia barabara.

Wala usidhani haya ni mambo ya Nairobi peke yake, au ya wale walio na kompyuta mezani. Tuyaangalie kutoka Myanga, kituo cha biashara katika kaunti ya Bungoma, ambako huenda una shangazi au mama mkwe anayekutegemea umtumie nauli ya kwenda hospitalini.

Kutoka daftari hadi simu

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Myanga alikwenda zahanati akiwa na daftari, lile lile ambalo watoto huandikia shuleni. Muuguzi aliandika humo uzani, joto la mwili, matokeo ya kupimwa malaria na dawa alizompa. Alipomaliza, daftari lilirudi kwa mwenyewe, likatiwa ndani ya karatasi ya plastiki na kuwekwa chini ya godoro. Wengi bado hufanya hivyo. Daftari lina taabu zake: hulowa, huliwa na panya, na aghalabu husahaulika nyumbani siku ile linapohitajika zaidi. Lakini lina sifa moja. Anayetaka kulisoma bila ruhusa yako sharti kwanza aingie nyumbani mwako.

Magharibi mwa Kenya palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza barani kuacha daftari. Mnamo 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha huko Eldoret mpango wa kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi, unaoitwa AMPATH, ambao baadaye ulifika Kitale, Webuye na Bungoma. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa, kuanzia 2004, programu ya OpenMRS ambayo sasa hutumiwa na hospitali katika nchi nyingi.

Na tuseme ukweli, kompyuta hizo zimeokoa maisha. Mgonjwa aliyekosa kuja kuchukua dawa alijulikana mapema akafuatwa nyumbani. Daktari aliweza kuona kwamba dawa aliyotaka kuandika ndiyo iliyomdhuru mgonjwa miezi sita iliyopita. Daftari lililoliwa na panya halifanyi hayo.

Mambo yakaendelea kupanuka. Mnamo Septemba 2023, serikali iliwatuma nyanjani wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu. Mhudumu huyo, ambaye mara nyingi ni jirani yako, huingia nyumbani akauliza nani ni mjamzito, nani hajachanjwa, nani ana shinikizo la damu, na choo kiko wapi. Majibu huingia kwenye simu. Oktoba 1, 2024, bima ya SHA ikachukua mahali pa NHIF. Mtu asiye na mshahara wa kila mwezi hujibu maswali kuhusu nyumba na maisha yake ili ikadiriwe atalipa kiasi gani, na malipo hayapungui Sh300 kwa mwezi.

Sasa hesabu, msomaji, ni mahali pangapi ugonjwa mmoja huacha alama. Zahanati. Maabara. Bima. Duka la dawa. Kampuni ya simu iliyopitisha malipo ya duka hilo. Mwajiri aliyepewa barua ya daktari. Programu ya simu iliyokukopesha pesa za matibabu. Kila mmoja wao ana sababu nzuri ya kuwa na sehemu yake. Hatari huanza sehemu hizo zinapokusanywa na mtu mmoja ambaye hakukutibu, hakukukopesha, wala hukuwahi kumwona.

(Na karatasi nazo hazijaisha. Nani kati yetu hajawahi kununua njugu zilizofungwa kwa karatasi yenye majina na namba za vitambulisho vya watu?)

Dalali ni nani?

Msomaji wa Kitale anamjua vyema dalali wa mahindi. Hana shamba wala kinu, lakini anajua nani ana magunia na nani anayatafuta, naye huishi kwa tofauti ya bei. Dalali wa taarifa ni mtu wa namna hiyo, isipokuwa kwa mambo mawili. Gunia likishauzwa limekwenda, ilhali jina lako linaweza kuuzwa mara mia na bado likabaki ghalani mwake. Tena mkulima wa mahindi hulipwa, hata kama ni kidogo. Wewe hulipwi chochote, wala huambiwi kwamba umeuzwa.

Huko Marekani biashara hii ina makampuni makubwa yanayojulikana kwa majina. Mnamo Februari 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa ripoti baada ya kuwaandikia madalali 37 wakiulizia taarifa za watu wenye maradhi ya akili. Walijibiwa na 26, na kati yao 11 walikuwa tayari kuuza: watu wenye huzuni iliyopindukia, wenye wasiwasi, wasiopata usingizi. Mmoja aliitisha dola 275 tu kwa hesabu za rekodi 5,000.

Utauliza, je, Marekani haina sheria ya siri za wagonjwa? Inayo, tangu 1996. Lakini sheria hiyo humbana daktari, hospitali na bima. Haikutungwa kwa ajili ya programu za simu. Mnamo 2023 iyo hiyo, kampuni ya GoodRx, ambayo huwasaidia watu kupata dawa kwa bei nafuu, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 kwa kosa la kuwapasha Facebook, Google na wengine habari za dawa na maradhi ya wateja wake bila idhini yao. Mteja alidhani anatafuta punguzo la bei.

Kwetu Kenya dalali mara nyingi hana afisi wala kibao mlangoni. Anaweza kuwa mfanyabiashara wa kutuma jumbe kwa wingi ambaye ana orodha ya namba na haelezi ilitoka wapi. Anaweza kuwa karani anayepiga picha kitabu ambamo wateja wameandika majina, namba za simu na vitambulisho. Anaweza kuwa programu inayomeza majina yote yaliyomo kwenye simu yako, pamoja na la daktari wako. Mnamo Juni 2021, Wakenya wengi waliotazama kwenye mtandao wa serikali walishangaa kujikuta wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Majina na namba za vitambulisho vyao zilikuwa zimetoka mahali fulani.

Mkopo wa usiku

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu fulani bali ni wa wengi. Mtoto ameanza kutetemeka saa nne usiku. Mama anamwita bodaboda, wanatoka Myanga hadi hospitali ya Bungoma. Mtoto anapimwa, lakini dawa moja haipo, inabidi inunuliwe nje. Mama hana pesa. Anachukua simu, anapakua programu ya mikopo na kuomba Sh3,000. Kabla ya kumpa, programu inamwomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yake. Nani atasoma masharti saa hiyo, mtoto akiwa mikononi? Anabonyeza kukubali.

Mwezi unapita na malipo yanachelewa. Simu zinaanza kupigwa, lakini si kwake. Anapigiwa baba mkwe. Anapigiwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto. Anapigiwa pasta. Wote wanaambiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu, na kwamba wao walitajwa kama wadhamini wake. Kisha mtoto anaugua tena, na mama huyu anatafakari mara mbili kabla ya kuondoka nyumbani. Hapo ndipo jambo la taarifa linapokuwa jambo la afya.

Vilio vya namna hiyo vilikuwa vingi mno hata Bunge likapitisha, mwishoni mwa 2021, sheria ya kuwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za Machi 2022 zikawakataza kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa kwa nia ya kumwaibisha. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data, inayoongozwa na Bi Immaculate Kassait, iliitoza faini ya Sh2.975 milioni kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma jumbe za vitisho. Zingatia maneno hayo: ilizozipata kwa watu wengine. Walioonewa hawakuwa wamempa mkopeshaji namba zao.

Siku hiyo hiyo shule moja ya Nairobi ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ilikosa, hilo halina ubishi. Lakini kwa maoni ya mwandishi huyu, mizani yenye kumtoza mwenye shule zaidi ya mwenye vitisho inahitaji kutazamwa upya.

Damu haibadilishwi

Namba ya siri ikiibwa, unaibadilisha. Laini ya simu unaweza kuitupa. Ugonjwa wako huwezi kuutupa. Fikiria selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huupata anaporithi chembechembe zake kutoka kwa baba na mama wote wawili. Ni ugonjwa unaopatikana kwa wingi magharibi mwa Kenya, hasa sehemu zenye malaria nyingi kama Bungoma, Busia na kandokando ya Ziwa Victoria, kwa sababu anayerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jibu la maabara la mtoto mmoja wa Myanga, kwa hivyo, si habari za mtoto huyo pekee. Linaeleza jambo kuhusu baba, kuhusu mama, na kuhusu shangazi ambaye wazee wanakaa mwezi ujao kuzungumzia mahari yake. Nani alitoa idhini kwa niaba ya shangazi?

Ukimwi ulitufundisha somo hili mapema. Mnamo Februari 2015 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na za wazazi au walezi wao na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia iliyotajwa ilikuwa kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda kortini. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha, iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba, na maslahi ya watoto. Iliamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe kwa namna isiyoweza kumtambulisha mwenyewe.

Kwa nini korti ijali orodha iliyokusanywa kwa nia njema? Ni kwa sababu mtu anayeogopa orodha haendi kupimwa. Wauguzi wanamfahamu mgonjwa anayepita kliniki mbili akapanda matatu hadi mji mwingine kuchukua dawa, wa Bungoma akaenda Kitale na wa Kitale akaenda Eldoret, ili asionwe na jirani kwenye benchi. Nauli ikikosekana, dawa hukosekana. Ikiwa mtu huyo anakimbia macho ya jirani mmoja, atafanya nini akisikia kwamba jina lake lina bei?

Wakisema majina yamefutwa

Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mjini Washington mkataba wa afya wa miaka mitano, ambao Marekani iliahidi kuuchangia dola bilioni 1.6. Ndani yake mlikuwa na suala la data za afya kupelekwa Marekani. Shirikisho la watumiaji bidhaa nchini, Cofek, lilikwenda kortini, na wiki moja baadaye, Desemba 11, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu data hizo hadi kesi isikizwe. Serikali ilisema kitakachotolewa ni jumla na hesabu tu, zisizo na majina.

Jibu hilo lina uzito wake, na takwimu za jumla ndizo huonyesha malaria imepanda wapi. Lakini maneno "zisizo na majina" yanafaa kuulizwa swali moja zaidi, na kisa chake ni cha zamani. Katikati ya miaka ya tisini, jimbo la Massachusetts liliwapa watafiti rekodi za hospitali za wafanyakazi wake baada ya kuondoa majina. Gavana William Weld aliwahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT, Latanya Sweeney, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikoishi gavana. Akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Waliozaliwa siku moja na gavana mjini humo walikuwa sita, watatu kati yao wanaume, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na namba ile ya posta. Hivyo ndivyo alivyozipata rekodi za matibabu za gavana mwenyewe.

Cambridge ni mji wa watu wengi. Myanga je? Andika hivi bila jina: mwanamke, miaka 34, mwalimu, mama wa pacha, anatibiwa saratani ya matiti. Muuza nyanya pale sokoni atakutajia jina lake kabla hujamaliza kusoma.

Sheria inasema nini, na inanyamaza wapi

Kenya haiko uchi. Sheria ya Kulinda Data ilianza kutumika Novemba 2019. Inazitaja habari za afya, pamoja na za mwenzi na watoto wako, kuwa taarifa nyeti. Habari za afya hazifai kushughulikiwa ila na mtoaji huduma za afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Inataka taarifa zichukuliwe kwako mwenyewe isipokuwa kwa sababu maalumu. Inakataza kuzitumia kibiashara bila idhini yako ya wazi au ruhusa ya sheria. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kunadi taarifa zilizopatikana kinyume cha sheria ni kosa la jinai, na hata tangazo la kuziuza linahesabiwa kuwa ni kuzinadi. Adhabu ya jumla ni faini isiyozidi Sh3 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Sheria ya 2019 inamfahamu mkusanyaji na mshughulikiaji wa taarifa, lakini dalali haijampa jina lake wala mlango wake. Hospitali na zahanati, hata iwe ndogo kiasi gani, inapaswa kujiandikisha kwa Kamishna. Wanaofanya biashara ya matangazo ya moja kwa moja nao pia. Lakini hakuna orodha ambayo wewe raia unaweza kuifungua ukasoma: hawa ndio wanaonunua na kuuza habari za Wakenya, wanazipata hapa, wanawauzia hawa. Hivyo Kamishna humkamata aliyetuma ujumbe wa mwisho, na aliyemuuzia namba hubaki nyuma ya pazia akimtafuta mteja mwingine.

Wengine wamejaribu kulifunua pazia hilo. Jimbo dogo la Vermont lilikuwa la kwanza Marekani, mnamo 2018, kuwalazimu madalali wa taarifa kujiandikisha kila mwaka. California ilikwenda mbele zaidi mwaka 2023 kwa sheria inayompa mkazi nafasi ya kutuma ombi moja tu la kufutwa, na ombi hilo likawafikia madalali wote walioandikishwa. Kwa nini Kenya isifanye hivyo, nchi ambayo mtu hulipia sukuma wiki kwa simu? Daftari la madalali, lililo wazi kwa umma, halihitaji mabilioni. Na kila anayetuma tangazo la dawa au matibabu alazimike kueleza, palepale, namba aliipata kwa nani.

Jambo la pili ni faini. Kiwango cha juu anachoweza kutoza Kamishna ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Kwa kampuni yenye mapato ya mabilioni, Sh5 milioni ni gharama kama ile ya umeme.

Kuna watakaosema kwamba sheria kali zitakwamisha utafiti wa maradhi, na kwamba zahanati ya muuguzi mmoja haiwezi kuajiri wakili. Wana haki ya kusikizwa. Lakini mtafiti wa malaria na muuza orodha si mtu mmoja, na kinachotafutwa hapa ni kumtenga wa pili asijifiche nyuma ya wa kwanza. Serikali nayo isijione nje ya mjadala huu, maana hakuna aliye na ghala kubwa la habari zetu kuliko yenyewe.

Ufanye nini kwa sasa?

Ukijaza fomu hospitalini, uliza swali ambalo haliihusu tiba lina kazi gani. Dini yako au mwajiri wako huenda vikahitajika, huenda visihitajike, na karani anapaswa kujua sababu. Programu ya simu ikiomba kusoma majina ya watu wako, ikatalie, na ikigoma kufanya kazi, itafute nyingine. Mfundishe mzazi aliye kijijini kwamba bima ya serikali haimpigii mtu simu kumwomba namba ya siri. Karatasi za zamani za hospitali zichome, usiziuze kwa kilo.

Ukipokea ujumbe unaokutilia shaka, usiufute. Mwandikie aliyeutuma, kwa heshima, umuulize mambo matatu: ana taarifa gani zako, alizipata wapi, na amempa nani mwingine. Kwa mujibu wa kanuni za 2021, ombi la kuona taarifa zako linapaswa kujibiwa ndani ya siku 7 bila malipo, na ombi la kuzifuta ndani ya siku 14. Weka nakala ya ulichoandika na tarehe yake.

Asipojibu, peleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Si lazima uandike, kwani sheria inaruhusu kulalamika kwa mdomo na afisi ndiyo iyaandike maneno yako, jambo linalomfaa sana mzee asiyejua kusoma. Malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90. Ukithibitika kwamba umedhurika unaweza kudai fidia, na sheria inasema wazi kwamba madhara hayo si ya mfukoni peke yake: dhiki ya moyo nayo inahesabiwa.